Darasani Hakuna Mkwe

Watu wazima hawaiamini nukta. Watoto wa shule ya msingi, ambao nashinda nao kuanzia asubuhi hadi mchana, ukiwaambia weka nukta wanaweka, hata mahali pasipoihitaji, kama wanalisha kuku. Lakini mtu mzima mwenye ndevu zake, aliyetoka kazini akaja kujibanza kwenye dawati la kugonga magoti, anaiona nukta kama mtu anayemkatiza maneno. Anaanza sentensi ya Kiingereza Jumatatu, na ukimwachia ataimaliza Ijumaa, na hata hiyo Ijumaa ataimaliza kwa kulazimishwa.

Darasa lao nalifundisha alasiri, nyuma ya duka la fotokopi. Chumba kina ubao mweupe uliogoma kufutika vizuri, feni inayozunguka huku inalalamika, na ukuta mwembamba kiasi kwamba mashine ya upande wa pili ikianza kutoa kopi lazima nipandishe sauti. Nafika pale nimeshachoka. Chaki ya asubuhi iko puani, miguu imevimba, na kwenye mfuko nina madaftari ya watoto ambayo yatanisubiri nyumbani pamoja na sufuria. Sitaki kuhurumiwa. Nasema tu nilivyokuwa, maana mengine yote yalitokea mtu akiwa katika hali hiyo.

Wanafunzi wangu wa alasiri hawaji kujifunza kuongea. Kuongea wanajua, tena wengine wanaongea mpaka unatamani wasahau. Wanakuja kwa sababu kazini wametakiwa waandike: ripoti ya zamu, maelezo ya ajali, barua ya kuomba vifaa. Kwa hiyo nimeweka utaratibu mmoja. Mle ndani hakuna majina, kila mtu anaitwa kwa kazi yake. Kuna Mlinzi, kuna Msusi, kuna Dereva. Jina la mtu linakuja na umri wake, na ukoo wake, na heshima zake, na ukimsahihisha unajikuta unausahihisha ukoo mzima. Lakini ukimwambia mtu, "Dereva, sentensi yako imepinduka," anacheka, anaiinua, tunaendelea na safari. Kila mmoja anasimama, anasoma alichoandika, nami nasahihisha ubaoni kwa wino mwekundu, wote wakiona. Ni njia kali, lakini Mlinzi alipokuja alikuwa akitia mkato baada ya kila neno, kama mtu anayetembea na jiwe kiatuni, na sasa ripoti zake mkubwa wake anazisoma bila kumpigia simu.

Utaratibu huo uliharibika siku aliyoingia mama mkwe wangu.

Mama ni mkunga. Amefanya kazi kwenye kliniki ile ile tangu mume wangu akiwa anatambaa, na huwezi kutembea naye kwenda sokoni bila kijana mwenye misuli kusimamishwa barabarani na kuambiwa jinsi alivyotoka tumboni akiwa wa buluu. Binti yetu pia alipokelewa na mikono yake. Mama anaishi nasi, na zamu zake ndizo saa ya nyumba yetu: akiondoka tunajua kumekucha, akirudi tunajua chakula kiwe mezani.

Basi kliniki ikapata uongozi mpya, na uongozi mpya ukaleta madaktari kutoka kila upande, wasioelewana kwa lugha nyingine ila Kiingereza. Ikatoka amri kwamba kila anayezalisha aandike ripoti ya kila uzazi kwa Kiingereza, kwa mkono wake, na kwamba kutakuwa na mtihani wa kuandika. Atakayeshindwa atatolewa chumba cha kujifungulia na kupelekwa stoo ya mashuka.

Mama alitueleza haya mezani, akiwa hajagusa chakula. Kiingereza cha mdomo anacho, cha kumtosha yeye na daktari. Cha kalamu ndicho kilichomtisha.

"Sijazaliwa kukunja mashuka mimi," alisema. "Wakinitoa mle ndani wamenizika."

"Sasa hofu ya nini, Mama?" mume wangu akasema mdomo umejaa. "Si tuna mwalimu humu humu ndani?"

Mume wangu ni fundi wa friji, na ni mkarimu sana kwa nguvu za watu wengine. Nilimtazama. Yeye alikuwa anatafuta kipande kingine cha nyama.

Mama alikuja darasani na sare yake na viatu vyeupe, akakaa dawati la mbele kabisa. Niliwaambia wengine, "Huyu ni Mama."

"Mama nani?" Mlinzi akauliza.

"Mama. Inatosha."

Kwa hiyo tulikuwa na Mlinzi, Msusi, Dereva, na Mama. Ningepaswa kuliona kosa pale pale.

Nilimpa kila mtu aandike ripoti ya siku yake kazini. Mama akaandika ukurasa mzima, hati nzuri ya kulala upande, na ndani ya ukurasa huo hakukuwa na nukta hata ya bahati mbaya. Alichokuwa nacho ni "endi", ile "na" ya Kiingereza. Mama mjamzito alifika endi alikuwa na uchungu endi presha ilikuwa juu endi chupa ilishapasuka endi nesi aliitwa endi damu ilitoka endi mtoto akalia endi akapimwa endi akaenda kunywa chai. Ukisoma haraka unaweza kudhani aliyekwenda kunywa chai ni mtoto.

Nina ujanja wangu kwa watu kama hawa. Nawaambia wasome kwa sauti, na pale pumzi inapokata, tuangalie kama hapastahili nukta. Ujanja huu umewasaidia wengi. Mama akasimama, akavuta pumzi moja, akaushusha ukurasa wote mpaka chini bila kukata. Mlinzi aligeuka kumwangalia kama bado mzima. Mtu ambaye maisha yake yote amewaambia wanawake "ishike pumzi, ishike, usiiachie" humtishi na karatasi moja.

Angekuwa Dereva ningesema, "Hili lori halina breki." Lakini alikuwa Mama. Nikatabasamu, nikasema, "Vizuri sana, Mama. Turekebishe kidogo tu hapa." Nikaandika ubaoni kitu kimoja kidogo, herufi kubwa iliyosahaulika, halafu nikamgeukia Msusi na wino wangu wote.

Ningefanyaje? Huyu ni mtu ambaye nikimpa kikombe nampa kwa mikono miwili. Ni mtu anayeongeza chumvi kwenye mchuzi niliokwisha kuutia chumvi, nami nakula nikisema ahsante. Anahamisha sufuria zangu kutoka rafu moja kwenda nyingine, nami nazitafuta kimya kimya. Nguo nilizokunja anazikunja upya. Watu wanatusifia mtaani kwamba mkwe na mkwe wanaishi vizuri namna ile, na ni kweli tunaishi vizuri, kwa sababu kila mmoja amemeza ya kwake. Sasa mtu wa namna hiyo nimsimamishe mbele ya wasusi na madereva nimwambie hujui?

Msusi, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake, aliliona jambo mapema. "Mwalimu, mbona karatasi ya Mama haina wekundu?"

"Msusi, tazama karatasi yako."

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Karatasi za Mama nilizichukua nyumbani nikazitia vistari hafifu vya penseli, vya kuonekana ukitafuta. Kila tukirudi, tukiwa njiani, aliniuliza, "Mwanangu, naendeleaje?" nami nikamjibu, "Vizuri, Mama." Nilijua kwamba si vizuri. Lakini nilikuwa nimechoka, na uongo wa heshima haumchoshi mtu kama ukweli. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mwanaharamu hakupita. Mtihani ulipita, na Mama akaanguka.

Alirudi siku ile mapema, akavua viatu vyake vyeupe mlangoni, akavipanga vizuri ukutani kama mtu asiyevihitaji tena. Akanipa karatasi ya majibu. Msahihishaji alikuwa ameandika kwamba msomaji hawezi kujua jambo moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi, na kwamba katika chumba kile daktari husoma akitembea. Kulikuwa na nafasi ya pili, miezi michache mbele. Atakayeanguka hiyo, stoo ndiyo yake mpaka siku ya kustaafu.

"Wamenipeleka stoo," Mama alisema. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na chakula chake nikakifunika kikalala.

Mume wangu alisema, "Hawa watu hawana utu." Nilijua kuna mtu mwingine asiye na utu zaidi, na alikuwa anasugua sufuria.

Siku moja Mama alisahau miwani yake nyumbani. Nilipotoka shuleni nikapitia kliniki kumpelekea. Stoo iko mwisho wa korido, chumba kirefu kisicho na dirisha, rafu mpaka darini, kinanuka sabuni na dawa ya kuua wadudu. Nilimkuta amesimama kwenye meza, anakunja. Shuka ilikuwa imenyooka kama karatasi mpya. Alifurahi kuniona, akanitolea kiti, na kabla sijakaa, kutoka upande wa pili wa korido, mwanamke akapiga kelele.

Mikono ya Mama ilisimama juu ya shuka. Akainua kichwa akasikiliza.

"Anasukuma mapema huyo," akasema. "Njia haijafunguka. Mwambieni asisukume."

Hakuna aliyemsikia, tulikuwa wawili tu na mashuka. Kelele ikaja tena. Mama akapiga hatua kuelekea mlangoni, akafika kwenye kizingiti, akakumbuka, akarudi. Alichukua shuka nyingine akaanza kuikunja, na pembe zake hazikukutana. Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia kwa jambo lolote linalohusu kazi yangu.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza bila kuniangalia.

"Kujua nini, Mama?"

"Usinizungushe. Kwamba nitaanguka."

Nikaanza kunyoosha pembe ya shuka iliyokuwa karibu yangu. Hilo nalo ni jibu, na yeye si mtu wa kupitwa na jibu.

"Yule mlinzi ulimfokea mpaka shati likaloa. Yule wa nywele ukamwambia karatasi yake ni soko la samaki. Mimi ukawa unanichekea. Vizuri Mama, vizuri Mama. Vizuri gani hiyo?"

"Mama, ningewezaje? Wewe ni mkwe wangu. Nikusimamishe mbele za watu nikwambie umekosea?"

Akaiweka shuka chini. "Siku unajifungua binti yako, nani alikuzalisha?"

"Wewe, Mama."

"Nilikwambia nini?"

Nilikumbuka vizuri sana. Mwanamke yule yule ambaye asubuhi yake alinipikia uji na kuniita mwanangu, mle ndani aligeuka simba. Alinifokea kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia. "Wewe! Fumba mdomo! Kilio hakizai mtoto! Nimesema sukuma, siyo lia!" Halafu akanipiga kofi la paja ambalo nalisikia mpaka leo. Nilipotoka mle ndani akawa Mama tena, ananifunika shuka, ananiambia pole mwanangu.

"Ulinichukia?" akauliza.

"Sana, Mama."

"Na mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Anacheza."

"Basi." Akavaa miwani niliyomletea, akaniangalia kwa makini kama mtu anayepima homa. "Mle ndani mimi sina mkwe, sina shangazi, sina mke wa mkubwa. Ningekuonea haya siku ile, tungekuwa tunakwenda kuwapalilia makaburini, wewe na yeye. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi niliyekuona wewe ulivyo, wewe ukashindwa kuniangalia mimi nilivyo?"

Machozi yalinijia, na kwa mara ya kwanza sikuyaombea radhi.

"Kule darasani kwenu kila mtu ana jina la kazi," akasema. "La kwangu liko wapi?"

"Mkunga," nikasema.

"Sema kwa nguvu. Mtu anayenong'ona hivyo atazalisha nani?"

Alasiri ya siku iliyofuata nilisimama mbele ya ubao na kalamu nyekundu mkononi. Mlinzi alisoma, Dereva akasoma. Nikavuta pumzi.

"Mkunga. Simama usome."

Msusi aliacha kutafuna. Mama akasimama, akausoma ukurasa wake kwa pumzi moja kama kawaida yake, akakaa. Nikauandika mstari wa kwanza ubaoni, nikaanza kuukata. Nukta moja. Nukta ya pili. Mwanzoni nilikata taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Halafu kalamu ikapata joto.

"Mkunga, hii siyo sentensi, huu ni msafara. Nani alitoka damu hapa? Nesi? Daktari? Mlango? Huwezi kurundika kila kitu mahali pamoja ukatarajia mtu mwingine ajue kiko wapi! Kila kitu unakigusa wewe, kila kitu unakihamisha wewe, hakuna kinachoachwa kikae pale kilipowekwa! Mtu ameshatia chumvi yake, ametia kwa kipimo, unakuja unaongeza juu yake!"

Feni ililalamika peke yake. Hata mashine ya kopi ilikuwa imenyamaza, nadhani mwenye duka alikuwa ameegemea ukuta. Nilisikia maneno yangu yanarudi kwangu moja moja, nikatamani sakafu ifunguke.

Mama akashusha miwani hadi ncha ya pua, akaupitia ukurasa wake kutoka juu mpaka chini kwa kidole.

"Chumvi iko mstari gani, Mwalimu?" akauliza.

Dereva ndiye aliyeanza kucheka, wakafuata wote, na mwisho nikacheka mimi na Mama pia, kicheko cha kutingisha mabega. Tulikuwa katikati ya kucheka huko mume wangu alipotokea mlangoni. Alikuwa amekuja kutuchukua na gari la kazini. Akaangalia ubao, akaona jinsi ulivyochafuka wino mwekundu, akaona chini yake habari za nesi na uzazi.

"Hii ni ya Mama?" akasema. Sauti yake haikuwa ya utani. "Umemfanyia hivi Mama mbele za watu? Mama yangu mimi?"

Mama ndiye aliyegeuka kwenye dawati lake.

"Wewe kazi yako nini?"

"Mama, mimi nilikuwa…"

"Hapa hakuna Mama. Nimekuuliza kazi yako."

"Fundi," akasema. "Fundi wa friji."

"Basi, Fundi, ama kaa uandike, ama toka ufunge mlango. Unatupitishia joto."

Akatoka. Akafunga mlango taratibu sana, kama mtoto aliyefukuzwa chumba cha wagonjwa.

Kuanzia siku hiyo tulifanya kazi. Sitasema ilikuwa rahisi, wala sitasema nilikuwa na nguvu. Kuna siku nilifundisha nimekaa, na kuna siku Mama alikuja na vumbi la stoo kwenye nyusi, akasinzia kalamu mkononi. Alikuwa mbishi. Alibishania kila nukta kama anaporwa.

"Kule ndani mambo hayasimami, Mwalimu," aliniambia. "Damu haingojei, mtoto hangojei. Wewe unataka nisimame kila baada ya maneno matatu."

"Wewe usisimame, Mkunga. Ila daktari anakuja anakimbia, anasoma anakimbia. Mpe mahali pa kukanyaga. Nani? Kafanya nini? Nukta. Halafu jiwe linalofuata."

Aliguna. Akaandika: mama alifika. Nukta. Presha ilikuwa juu. Nukta. Akaiangalia kwa dharau. "Inaonekana kama mtoto wa chekechea kaandika."

"Inaonekana kama mtu anayejua alichokiona," nikamwambia. "Zikishasimama zenyewe, nitakufundisha kuziunganisha mbili mbili. Si zaidi ya hapo, nakujua."

Tulikuwa na mpaka wetu, na mpaka huo ulikuwa mlango wa duka la fotokopi. Ndani alikuwa Mkunga na mimi nilikuwa sina huruma. Tukishatoka nje nampokea mkoba, yeye ananiuliza kama mboga zipo, nami najibu "Ndiyo, Mama" kwa sauti yangu ya nyumbani. Chumvi aliendelea kuiongeza. Sufuria ziliendelea kuhama. Wakati mwingine, nikiwa nimeinama chini ya meza natafuta mfuniko, nilitamani turudi darasani.

Alifanya mtihani wa pili siku ya mvua. Majibu yalipotoka hakupiga kelele wala kigelegele. Alikuja mpaka darasani, katikati ya somo, akaweka karatasi juu ya meza yangu na kusimama mbele yangu wima kama askari. Alikuwa amepita. Hakupita kwa kishindo, alipita kwa kugusa mlango na bega, lakini alikuwa upande wa ndani. Msusi alipiga vigelegele kwa niaba yake. Mlinzi akampigia saluti. Mimi nilitia alama ya vema kubwa nyekundu juu ya ile karatasi, ingawa haikuwa yangu kuisahihisha, na Mama akaikunja akaiweka ndani ya sare, upande wa moyo.

Siku aliyorudi chumba cha kujifungulia, dawati la mbele lilikuwa tupu. Nilifundisha nikiliangalia. Siku yenyewe ilikuwa mbaya toka asubuhi: watoto wa shule walikuwa na kelele za mvua, kalamu nyekundu ikaisha wino, mashine ya kopi haikunyamaza, na Dereva akaandika ripoti ya ajali ambayo ilibidi niisome upya na upya ili nijue kama kuna aliyekufa. Nilipofika nyumbani jua lilikuwa linakaribia kuzama. Binti yetu alikuwa amelala kwenye mkeka na kiatu kimoja mguuni. Mume wangu alikuwa sebuleni anaangalia mpira. Vyombo vya mchana vilikuwa kwenye sinki, vimepandana.

Mama alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, sare bado mwilini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Nimepokea mapacha leo," akasema. "Wa kwanza alitanguliza matako, nusura atuchezee. Nimeandika mwenyewe. Daktari alikuja akaichukua ripoti akaondoka nayo anasoma huku anatembea." Akasugua kisigino ndani ya maji. "Hakurudi kuuliza kitu."

"Hongera, Mama," nikasema, na ilitoka moyoni. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshafika kwenye sinki, na mdomo wangu nao ukaanza safari yake. "Samahani Mama chakula kimechelewa na leo mashine ile na kalamu iliisha na nilitaka kupitia sokoni na mvua ikanyesha na huyu mtoto naona hajaoga na madaftari yapo ya kesho na sasa hivi nabandika tu sufuria na kama ile ndogo ungekuwa umeiona…"

"Mwalimu."

Nikageuka. Hakuwahi kuniita hivyo ndani ya nyumba. Alikuwa ameinua mkono, kiganja mbele, jinsi nilivyowainulia mimi wanafunzi wangu.

"Nukta," akasema.

Bomba lilikuwa linamwaga maji. Nikalifunga.

"Anza upya. Nani?"

"Mama, ni kwamba tu…"

"Nani?"

"Mimi," nikasema.

"Kafanya nini?"

Miaka yote niliyokaa katika nyumba ile, neno lile sikuwahi kulitamka mbele yake. Nililisema shuleni, nililisema kwa mashoga zangu, nililiambia dari. Mbele ya Mama nilikuwa nasema, "Hapana, Mama, niko sawa."

"Nimechoka," nikasema.

Alisubiri. Sebuleni mtu alikosa goli, watazamaji wakaguna.

"Kuna kinachofuata?" akauliza.

"Hakuna, Mama. Imeishia hapo."

"Basi imekamilika, usiiongeze kitu." Akainua miguu yake kutoka kwenye maji, mmoja mmoja, akajifuta na pindo la sare. Halafu akapaza sauti ile ya mle ndani, ile ambayo korido nzima huisikia. "Fundi! Njoo jikoni! Vyombo vinakungoja!"

Mpira ulizimwa. Mama akanisukumia kigoda kwa mguu, akalisogeza beseni.

"Kaa," akasema. "Tia miguu, maji hayajapoa."

Nikakaa. Nikatia miguu.